Risasi Iliyokaa Kwenye Nguzo

Sogeeni karibu na jiko, na wenye maneno mengi wayaweke mfukoni kwanza, watayahitaji mwishoni. Hadithi hii si ya kusikiliza halafu mkalale. Kuna mama amekwama, na mimi nimeshindwa kumkwamua, ndiyo maana nawaletea ninyi.

Mama huyo anaitwa Tabita. Anaishi milimani juu ya Njombe, kule ambako mwezi wa saba ukungu unaingia hadi kwenye kikombe cha chai. Ni mjane mwenye shamba la viazi, ng'ombe wawili wa maziwa na mtoto mmoja wa kiume, Yeremia, mpasua mbao. Yeremia ameoa binti anayeitwa Furahini, na nyumba yao iko nusu saa kwa mguu kutoka kwa Tabita. Wakati hadithi inaanza, Furahini alikuwa na mimba changa, na Tabita alikuwa ameshaanza kufuma soksi za mjukuu.

Tabita alikuwa na watu watatu wa kumtegemea, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Anjelus, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka ishirini na sita, na kipaji chake kilikuwa sikio. Bunduki ikilia ng'ambo ya mlima, Anjelus alikuambia ni bunduki gani na risasi imekomea kwenye nini, mti, udongo au mnyama.

Wa pili ni Ditrika, wifi yake, fundi cherehani. Huyu kipaji chake kilikuwa jicho. Akikuona unavuka barabara ameshajua kiuno chako, na tangu aanze kushona hajawahi kurudishiwa nguo hata moja.

Wa tatu ni Mwalimu Lupyana, jirani, mzee wa kwaya. Kipaji chake kilikuwa mapigo. Aliweza kuwachukua watu arobaini wasiojua noti hata moja, wakanyamaza wote kwa mara moja. "Kuimba kila mtu anaweza," alikuwa akisema. "Kazi ni kusubiri."

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwezi wa kwanza, asubuhi ya ukungu, wakati wa kukamua, watu watatu waliita getini: "Mama Yeremia, kamwene!" Ukisalimiwa hivyo kwetu huwezi kukaa kimya. Tabita akaitika, akafungua. Walimvunja mkono wa kushoto kwa ubapa wa panga, wakaua mbwa, wakaondoka na ndama.

Mkono uliunga, lakini moyo haukuunga. Ukungu ukiwa nje, Tabita hakuthubutu kufungua mlango hadi jua litoke, na kule jua linaweza kutoka saa nne. Ng'ombe wanalia, maziwa yanawauma, naye amekaa kitandani anasikiliza. Yeremia akamwambia ahamie kwake. Tabita akasema, "Nimezikia mume hapa. Sihami kwa sababu ya wezi." Akaamua kuomba kibali cha silaha. Kikao cha kijiji kikamkubalia, kamati ya kata ikasaini, polisi wakamchunguza hadi rangi ya mapazia. Miezi minne ikapita, kibali kikatoka.

Hapo ndipo Anjelus alipofanya kazi yake.

Marehemu mume wa Tabita alikuwa mtu wa vikubwa. Alinunua sufuria ya harusi kwa familia ya watu watatu, na alipotaka bunduki alinunua ya nyati, katika eneo ambalo nyati wa mwisho hakuna anayemkumbuka. Tangu afe, bunduki hiyo ilikuwa imehifadhiwa polisi.

"Shemeji, niombee ile ya kaka yako," Tabita alisema. "Mwizi akiiona tu atajikojolea."

Anjelus akatoa mfukoni maganda matatu matupu ya risasi, akayasimamisha mezani kando ya chupa ya chai. La kwanza lilikuwa dogo kuliko kifuniko cha kalamu. La pili lilikuwa refu kama kidole. La tatu lilikuwa nene kama kidole gumba.

"Hii ni ishirini na mbili, ya kanga na sungura. Hii ni mia tatu na nane, ya nguruwe pori. Na hili jitu ni nne-tano-nane, ndiyo inayoliwa na bunduki ya kaka. Niliwahi kumpiga nyati kwa hii. Ilipita ndani yake ikaenda kupasua mti."

"Si ndiyo vizuri?"

"Nyuma ya geti lako kuna nini, shemeji?"

"Njia."

"Anapita nani?"

Tabita akageuka kutazama getini. Wanapita watoto wa shule, na akina mama wanaopeleka maziwa.

"Ukichagua silaha, usianze kujiuliza mwizi ana ukubwa gani," Anjelus alisema. "Jiulize risasi ikimkosa itakomea wapi. Hata hii ya katikati inaua mtu aliye mbali ambaye hujamwona. Chukua bastola ya milimita tisa, na risasi za pua butu, zile zinazofunguka zikigonga kitu zikaishia hapo hapo. Bunduki ya kaka iache ilale polisi."

Tabita alinuna siku mbili, maana aliona kama anamkataa mumewe. Siku ya tatu akakubali.

Ditrika naye alifanya kazi yake mjini, dukani.

Muuzaji alileta bastola kubwa nyeusi, akaiweka juu ya kitambaa kama anayeandaa keki. "Hii ndiyo wanaume wote wanachukua, mama."

Tabita akaishika. Ditrika, ambaye alikuwa amekuja kumsindikiza tu, akavua futi ya kupimia shingoni, akapima kiganja cha wifi yake kuanzia pale kidole gumba kinapoachana na vingine hadi ncha ya kidole cha shahada. Kisha akapima bastola.

"Wifi, hii nguo si yako."

"Dada, hapa hatuuzi magauni," muuzaji akacheka.

"Ndiyo maana wateja wako wanatembea na vitu vinavyowapwaya. Tazama, kidole kinafika kwa ncha. Akivuta, anausukuma mtutu pembeni. Atalenga mlango apige dirisha."

Walijaribu bastola sita. Nyingine mpini ulikuwa mnene. Nyingine ilikuwa ndogo ya kuvutia, ya kuingia kwenye pochi, lakini Ditrika alisema itaruka mkononi kama chura. Nyingine Tabita alishindwa kuivuta nyuma, kupandisha risasi, kwa ule mkono uliovunjika. Ya saba ilikaa. Kidole kikalala pale kinapotakiwa, mkono mbovu ukaweza kuivuta, na ilipoelekezwa mahali ikaelekea hapo hapo. Kwenye uwanja wa kulengea shabaha, Tabita alipiga risasi ishirini, kumi na saba zikaingia kwenye duara la ukubwa wa sahani. Alirudi nyumbani anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza.

Mwalimu Lupyana alifanya kazi yake jikoni kwa Tabita, jioni baada ya jioni, mwezi wa sita wote. Tena alikuja bila kuitwa.

"Chuma hicho sikijui na sitaki kukijua," alisema. "Ninachokijua ni mtu mwenye hofu. Mwenye hofu anawahi. Kwenye kwaya akiwahi tunacheka. Wewe ukiwahi tutazika."

Akamkabidhi mwiko badala ya bastola. Sheria yake ilikuwa hii: maneno matatu, na baada ya kila neno mapigo manne ya kusubiri. "Nani?" Moja, mbili, tatu, nne. "Simama!" Moja, mbili, tatu, nne. "Nina silaha!" Moja, mbili, tatu, nne. Muda wote huo kidole kimenyooka ubavuni mwa mwiko, hakigusi kitu.

"Na nikiuawa nikiwa nahesabu, Mwalimu?"

"Nitalia sana," mzee akasema, na alimaanisha. "Rudia. Umewahi kwenye tatu."

Majirani waliopita waliona mama mtu mzima anaufokea mlango wa stoo kwa mwiko, wakaambiana kwamba ujane umemzidi. Tabita alirudia hadi mapigo yakawa yanakuja yenyewe, hata akikamua.

Basi ikafika Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu ulikuwa umemeza banda, umemeza mparachichi, umebakiza nguzo mbili za geti, zile za tofali za kuchoma. Tabita, ambaye tangu apate bastola alikuwa akitoka hata kwenye ukungu, alikuwa ameshika ndoo ya maziwa. Akasikia geti linatikiswa.

Hakuna aliyeita. Hakuna aliyesalimu. Kulikuwa na mtu anahema kwa nguvu, na komeo linagongwagongwa kama anayetaka kuling'oa. Tabita akaweka ndoo chini. Akatoa bastola, akasimama kwenye ngazi ya baraza.

"Nani?" Moja, mbili, tatu, nne. Kimya, na kuhema.

"Simama!" Moja, mbili, tatu, nne. Komeo likaachia. Katika upenyo wa geti likatokea bega, na kichwa kilichofunikwa kofia ya koti la kiume.

"Nina silaha!" Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kidole kikaingia mahali pake, kikaanza kuvuta.

"Mama."

Tabita aliijua sauti hiyo. Kidole kilikuwa kimeshavuta, hakikurudi. Alichoweza ni kugeuza mkono, na mkono ukageuka, na bastola ikalia.

Alikuwa Furahini, ndani ya koti la mumewe. Uchungu ulikuwa umemjia wiki tatu kabla ya siku zake. Yeremia alikuwa msituni, simu haikuwa na chaji, akatoka peke yake kwenye ukungu kumfuata mama mkwe. Alipofika getini, uchungu ukambana meno. Kila alipoulizwa hakuweza kujibu, hadi pale ulipomwachia kidogo, akapata pumzi ya neno moja. Alikuwa ameikumbatia nguzo ili asianguke. Kichwa na bega vilikuwa upande wa geti. Tumbo lilikuwa nyuma ya nguzo.

Risasi iliingia kwenye nguzo ile.

Mtoto wa kike alizaliwa zahanati kabla ukungu haujaondoka, mzima, mwenye makelele. Tabita hakumshika siku ile. Alisema mikono yake bado inanuka baruti.

Baadaye Anjelus alikuja, akaingiza kidole kwenye tundu la nguzo. Risasi ilikuwa imechanua, imekaa ndani ya tofali kina cha vidole viwili.

Mtanziko wenyewe ni huu. Kwenye ukoo wa akina Mgaya, ukoo wa marehemu mume wa Tabita, mtoto wa kwanza anapewa jina na bibi mzaa baba, siku anapotolewa nje mbele ya watu. Jina ni la mtu aliye hai, na ni la mtu mmoja tu. Huyo anakuwa somo yake: ndiye anayemnyoa nywele za kwanza, ndiye anayeitwa kabla ya wote akiugua, ndiye anayekaa kiti cha mbele siku akiolewa. Kwao jina halina sketi wala suruali, binti anaweza kuitwa Anjelus na asicheke mtu.

Anjelus, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alikuja kwa Tabita akiwa ameshika kofia mkononi. "Shemeji, ingekuwa ile bunduki ya kaka, nguzo isingezuia kitu. Umegeuza mkono, sawa. Umegeuzia wapi? Kwenye tumbo."

Ditrika alikuja na gauni jeupe dogo, tayari limeshonwa. "Wifi, ungekuwa na lile dubwasha jeusi ungegeuza nini? Kidole cha kubabaisha hakigeuzi kitu. Ungempiga kichwani mtoto wa watu akiwa anakuita Mama." Kisha akalia, kwa sababu binti yake wa pekee, aliyebeba jina lake, alikufa akiwa na miaka miwili, na tangu hapo hakuna aliyeitwa Ditrika kwenye ukoo ule.

Mwalimu Lupyana hakuja. Ana miaka sabini na tisa na miguu imemchoka. Alimtuma mtu na ujumbe: "Mwambie Tabita neno 'Mama' lilisemwa baada ya pigo la nne. Mwambie ahesabu mwenyewe."

Tabita amehesabu. Amehesabu jikoni, bandani, kanisani wakati wa mahubiri. Kila akimtoa mmoja kati ya watatu, anamwona Furahini chini, na mtoto hayupo.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, juzi Furahini mwenyewe amefungua mdomo. Alikuwa ananyonyesha, akasema bila kuinua macho, "Mama, mimi ningependa aitwe Tabita. Ule mkono uliogeuka ulikuwa wako."

"Na uliovuta ulikuwa wa nani?" Tabita akamuuliza.

Furahini alimtoa mtoto kwenye ziwa, akampa bibi yake, na kwa mara ya kwanza Tabita akampokea, akamshika hadi akasinzia.

Jumapili hii mtoto anatolewa nje. Anjelus ameshanunua wembe mpya wa kunyolea, gauni la Ditrika limepigwa pasi, na Mwalimu amesema atabebwa hata kwa machela. Tabita atasimama pale kati ya nguzo mbili, moja ina tundu, na watu wote watamtazama mdomo.

Haya, fungueni mifuko yenu sasa. Mngekuwa ninyi mmempakata mtoto yule, mngemwita nani?