Mti wa Ukutani

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba aliyotaka ipakwe rangi ndani ya wiki moja. Jina lake Nakundwa, mfanyabiashara wa mbao mjini Same. Nyumba yenyewe haikuwa kubwa: mbele sebule na chumba cha wageni, nyuma chumba cha kulala, jiko na choo, na korido nyembamba iliyotoka mlango wa mbele ikaenda hadi mlango wa uani. Aliwaita mafundi wawili, Mbazi na Sekiete, akawaambia wagawane nyumba nusu kwa nusu. Wataanza Jumatatu, naye atafika Jumapili kuangalia. Kisha akasema neno lililomfanya Mbazi asimame wima. Hosteli aliyokuwa anaijenga kando ya barabara kuu, ghorofa mbili, vyumba arobaini, angempa mmoja wao aipake, yule ambaye nusu yake ingemridhisha zaidi.

Mbazi alikuwa amepaka rangi kwa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpa kazi inayoonekana kutoka mbali. Leo chumba cha mtu, kesho lango, keshokutwa kibanda cha kuuzia vocha. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko mikono yote pale mjini, na yeye alilijua hilo. Aliposikia habari za hosteli, moyo wake ulianza kwenda mbio na haukupunguza mwendo wiki nzima. Alichukua chaki, akapiga mstari sakafuni katikati ya korido. "Mimi nachukua mbele," akasema. Sekiete akasema sawa, nyuma panamtosha.

Kabla hajafungua kopo hata moja, Sekiete alimfuata mwenye nyumba hadi getini akamuuliza jambo, nao wakazungumza kwa muda. Mbazi aliwaona kupitia dirishani. Hakuwa na nafasi ya mazungumzo. Alikuwa ameshachanganya manjano na nyeupe kwenye ndoo, akaongeza tone la nyekundu, akakoroga, akaongeza jingine, na rangi iliyokuwa inatokea pale ilimsisimua kama mtu anayesikia jina lake likitajwa redioni. Ilikuwa manjano ya kiini cha yai la kienyeji. Aliipaka mahali pa ukubwa wa kiganja ukutani, akarudi nyuma hatua tatu, akacheka peke yake.

Kitu kimoja tu kilimuudhi. Ukutani mwa korido, usawa wa kiuno, ulikuwa umefungwa mti mrefu, laini, mviringo kama mpini wa jembe. Ulianza mlango wa mbele ukapita sebuleni na chumbani, ukaendelea hadi chooni na jikoni. Mafundi huufungua mti wa namna hiyo ili wapake nyuma yake, kisha huurudisha. Mbazi aliufungua wa upande wake siku hiyohiyo, kuanzia kiungo cha katikati. Lakini alipoutoa, akaona jinsi ukuta ulivyopendeza bila kitu cha kuukata katikati. Akachukua pati, akaziba vishimo vya skrubu kimoja baada ya kingine, akavipiga msasa hadi ukuta ukawa kama shavu la mtoto. Mti akaulaza sakafuni kando ya ukuta, skrubu zake bado zimo, ncha zikitazama juu. Angeona cha kuufanyia siku ya mwisho.

Mambo mengi aliyaachia siku ya mwisho. Ndoo tupu, maboksi, vipande vya msasa, brashi zilizokauka zikawa ngumu kama mifupa, kopo la tina ya kuyeyushia rangi lisilo na kifuniko, na rangi iliyodondoka sakafuni ikakanyagwa na viatu ikasambaa hadi mlangoni. Yeyote aliyewahi kukwangua rangi kavu sakafuni kwa kisu cha jikoni, akiwa amepiga magoti, anajua kwamba siku ya mwisho haina saa za kutosha. Mbazi hakuwahi kukwangua. Siku zote alikuwa anamaliza ukuta, na sakafu inabaki na wenye nyumba.

Upande wa pili wa mstari wa chaki, Sekiete alikwenda polepole. Alitandika vitambaa sakafu nzima kabla ya kuchovya brashi. Tone likidondoka, alilifuta likiwa bichi. Jioni alifagia, akaosha brashi, akatia skrubu zote kwenye kopo la maziwa na kuzihesabu, kisha akafanya kitu ambacho Mbazi hakupata kukiona kwa fundi yeyote. Aliurudisha mti ukutani na kuukaza, ingawa kesho yake asubuhi angeufungua tena ili apake mkono wa pili wa rangi.

"Fundi," Mbazi alimwita Jumanne, ameegemea ngazi, "wewe umeitwa kupaka au umeitwa kuwa mama wa nyumba? Nikuletee kanga ujifunge?"

"Kanga ninayo," Sekiete akajibu bila kugeuka. "Nimeitandika chini ya dirisha."

"Na huo mti unaoulaza na kuuamsha kama mgonjwa?"

"Ndiyo nataka nikwambie, kaka. Huo mti wa kwako urudishe. Mwenye nyumba alisema..."

"Kaka, mstari si unauona?" Mbazi alionyesha chaki kwa brashi. "Ya nyuma yako, ya mbele yangu. Jumapili tutajua mwenye nyumba anasema nini." Akaanza kupiga mluzi. Sekiete akamtazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Habari za ukuta wa manjano zilitembea. Jumatano walikuja majirani wawili, Alhamisi walikuja saba, wakasimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukanyaga, wakanyoosha shingo. Mwenye duka la vifaa alisema rangi hiyo kama ingekuwa inauzwa kwenye kopo angeagiza katoni. Mwanamke mmoja aliuliza kama fundi anaweza kuja kwake mwezi ujao. Mbazi alijibu kwamba mwezi ujao atakuwa hosteli. Alilisema hivyohivyo, kana kwamba ameshakabidhiwa funguo, na maneno hayo mdomoni yalikuwa matamu. Hakuna aliyeomba kuonyeshwa nyuma.

Ijumaa asubuhi alikuwa anapiga mkono wa tatu, wa mwisho, aliposikia honi getini. Akachungulia. Lilikuwa gari la Nakundwa, siku mbili kabla ya siku yake. Kitanda kilikuwa kimefungwa juu, masufuria na magunia yamejaa nyuma, na kwenye kiti cha mbele alikaa mama mzee aliyevaa vitenge viwili na kofia ya sufu.

Fundi mwingine angeshtuka. Mbazi alifurahi. Ukuta ulikuwa bado mbichi, unang'aa kuliko utakavyong'aa maisha yake yote, na jua la saa nne lilikuwa linaingia mlangoni moja kwa moja. Asingeweza kuchagua saa nzuri zaidi. Alifuta mikono kwenye suruali, akaufungua mlango wazi kabisa, akasimama kando kama anayefunua sahani mbele ya wageni. "Karibuni," akasema. "Karibu, mama. Shikamoo bibi. Ingieni muone."

"Marahaba," akajibu yule mama mzee. "Tumekuja mapema, mtanisamehe. Niliambiwa nyumba yangu inapakwa rangi, nikakataa kulala kwa watu."

Nakundwa alitangulia akaingia, akasimama ghafla. Aliona ukuta, na uso wake ulianza kufunguka. Halafu aliona sakafu. Kabla hajasema neno, mama yake alikuwa ameshavuka kizingiti nyuma yake, miguu mitupu, maana viatu alikuwa ameviacha nje kwa heshima ya nyumba mpya.

Mbazi alikuwa anasubiri atazame juu. Hakutazama juu. Uso wake ulibaki umeelekea mbele, umetulia, na macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Mkono wake wa kushoto ulitoka kwenye kitenge ukaenda ukutani, usawa wa kiuno, ukatafuta. Ulitafuta mbele kidogo. Ulitafuta chini kidogo. Ulipokosa, kiganja kizima kilitua kwenye rangi mbichi kikateleza, na mguu wake wa kulia ukanyanyuka kutafuta pa kujizuia. Pale ulipokuwa unashuka, Mbazi aliona skrubu.

"Bibi, simama."

Alisimama, mguu hewani, na Nakundwa akamdaka kiunoni. Mbazi alipiga magoti. Alizoa mti, akazoa ndoo, akasukuma maboksi kwa viwiko na tina ikamwagika ikanuka, na kila alichokiondoa kulikuwa na kingine nyuma yake. Siku nne alikuwa amepita katikati ya vitu vile akiimba. Sasa alivihesabu kimoja kimoja, kwa sababu unyayo wa mtu ulikuwa unavisubiri. Hakuna aliyemgombeza. Walisimama tu wakimngoja afungue njia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Moyo ambao wiki nzima ulikuwa unakwenda mbio kwa furaha uliendelea na mbio zilezile kwa sababu nyingine.

Walipita hivyo, hatua na nusu hatua, mama mzee ameshikwa na binti yake kama mtoto anayefundishwa kutembea, hadi kwenye mstari wa chaki. Hapo mkono wake wa kushoto, uliojaa manjano, uligusa mti. Ukaufumbata. Ukaujaribu kwa kuutikisa, nao haukutikisika. Akamwachia binti yake.

Alikwenda peke yake. Walisikia nyayo zake kavu kwenye sakafu safi, bila kusita, hadi chumbani. Walimsikia akifungua dirisha na kulifunga, maana halikuwa limegandishwa kwa rangi. Alikwenda chooni akarudi. Alikwenda jikoni, akagusa rafu, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Sekiete alikuwa mlango wa uani anaosha rola kwenye beseni, akajisogeza pembeni kumpisha, na mama mzee akampita akimwambia asante kama mtu anayemwona. Alirudi kwenye korido akiwa amenyooka, mrefu kuliko alivyoingia, akafika pale mti ulipokoma, akasimama. Alipapasa hewa iliyo mbele yake mara moja tu.

"Kuanzia hapa kwenda nyuma," akasema, "kuna mtu alijua kwamba nakuja."

Mbazi hakusubiri kusikia habari za hosteli. Alichukua bisibisi, akauinua mti, akauweka ukutani ili aurudishe mahali pake. Lakini vishimo vya skrubu alikuwa amevifukia kwa mkono wake mzuri, akavisawazisha vizuri mno, na juu yake kuna mikono mitatu ya manjano ambayo mji mzima ulikuja kuitazama. Alitazama karibu, akatazama kwa mbali, hakuviona. Mwishowe akafumba macho, akaweka vidole kwenye rangi mbichi, akaanza kupapasa ukuta wake mwenyewe, polepole, usawa wa kiuno, akiuharibu kadiri alivyokwenda.

Nanyi mlio na nyumba mikononi mwenu, mnaopaka tangu asubuhi na kusifiwa na wapita njia, mmewahi kuuliza ni nani atakayeingia humo miguu mitupu?