Kiti cha Kushoto cha Gari la Mzee Shembilu

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya sungura kumlaghai fisi, ni zamani hii ya karibu, ya watu ambao wengine bado wapo na wakinisikia watanuna, palikuwa na mzee mmoja Tanga, pale Ngamiani, jina lake Shembilu. Alikuwa na mke mmoja na gari moja. Mke aliitwa Bi Mwanatumu. Gari halikuwa na jina, lakini ndilo lililopendwa.

Lilikuwa gari la mashindano, viti viwili tu, halina paa, jekundu kama kungu lililoiva. Alilipata kwa Mgiriki mwenye shamba la mkonge, ambaye yeye Shembilu alikuwa dereva wake, siku Mgiriki anafunga virago kurudi kwao. Miaka ikaja, miaka ikaenda, vijana tukaota mvi, gari halikuzeeka. Viti vyake vya ngozi alivisugua kwa mafuta ya nazi. Vyuma alivikosha kwa ndimu na jivu. Wingu likitanda tu, gari bandani. Lilifunikwa kanga doti kwa doti, tena mpya, na Bi Mwanatumu akavaa zilizopauka. Alhamisi jioni lilifukizwa udi. Mnacheka? Nimeona kwa macho yangu: moshi unatoka bandani, bibi mwenye nyumba anakohoa uani.

Na kila Ijumaa baada ya Alasiri, Mzee Shembilu alitoka nalo kutembea. Peke yake. Kiti cha kushoto hakukikalia mtu, hata mkewe siku moja.

"Hicho kina mwenyewe," alisema.

Mwenyewe nani? Tukasema ana jini. Tukasema ana kimada Pangani. Tukasema mengi, maana mdomo haulipiwi kodi. Yeye hakutujibu. Akafa bila kutujibu.

Sasa sikilizeni vizuri.

Ijumaa ya kwanza baada ya maziko, Bi Mwanatumu yuko ndani amekaa eda. Alasiri imekwisha kuswaliwa. Akasikia injini inakohoa bandani. Ikaunguruma. Ikatoka. Akamtuma mtu akachungulie: kufuli liko mlangoni limefungwa, na banda ni tupu. Kabla ya adhana ya Magharibi gari likarudi. Kufuli halikuguswa. Boneti ina moto. Na kiti cha dereva kimebonyea, kimebonyea vile vile kama alivyokuwa akikibonyeza Mzee Shembilu, na mzee yule alikuwa mtu wa mwili mkubwa.

Akaitwa Fundi Semboja, ambaye ndiye pekee marehemu alimruhusu kuligusa gari lile. Semboja akalizunguka, akalipapasa, akasimama mikono kiunoni.

"Bi mkubwa, habari za wafu mimi sizijui. Lakini gari bila rota haliwaki, awe nalo mzima au maiti."

Akafungua boneti, akakitoa kidude hicho kinachogawa moto kwenye plagi, akakitia mfuko wa shati.

Ijumaa ya pili gari halikutoka. Lakini starta ililia. Ililia tangu Alasiri mpaka Magharibi, ng'wii, ng'wii, ng'wii, inanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, inaanza tena.

"Analia," akasema Bi Mwanatumu.

"Linalia, bi mkubwa. Ni starta tu."

"Semboja, niliishi naye mimi, hukuishi naye wewe. Analia."

Na mwanamke wa eda atakwenda wapi? Hatoki nyumbani mpaka siku zake zitimie. Watoto hawakujaliwa. Ndugu za marehemu walipoambiwa njooni mchukue gari la kaka yenu, kila mmoja akaumwa mgongo. Bi Mwanatumu akasema, "Kama mimi siwezi kutoka, litoke gari. Niitieni dalali."

Dalali wa mtaa alikuwa Athmani, tukimwita Kijiko, kwa kuwa hakosekani katika chungu cha mtu. Akaja, akaketi ukumbini. Bi Mwanatumu akasema naye kutoka nyuma ya pazia.

"Athmani mwanangu, uza. Bei yake, bei ya cherehani."

Kijiko nusura aanguke na kiti. "Cherehani! Bi Mwanatumu, hili ni bei ya nyumba ya mawe! Halina kutu, halina kiraka, rangi ni ile ile ya kiwandani. Wako watu huko bara wanalitafuta mchana na usiku."

"Ndiyo maana nikasema cherehani. Mtu akiona kitu kizuri hivi kinauzwa bei ya cherehani, atauliza kina nini. Akiuliza, mwambie. Mwambie kila Ijumaa baada ya Alasiri gari hili lina mwenyewe. Mwenye moyo atalichukua, asiye na moyo atakwenda zake. Sitaki kumuuzia mtu aibu iliyofichwa."

"Nitamwambia, bi mkubwa."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Akaja mnunuzi kutoka Moshi, kijana wa Kichagga, Bwana Anaeli, mpole, kofia mkononi. Alikuwa mjuzi wa magari ya kale. Alikuja na sumaku kaifunga kwenye leso, akaipitisha mlangoni, akaipitisha kwenye mabawa ya juu ya matairi, ajue kama chini ya rangi pana bati au pana udongo wa kuzibia. Akalala chini ya gari na suruali yake nzuri. Akanusa viti. Alipoinuka machozi yanamlengalenga.

"Nani alilitunza hivi?"

"Marehemu," akasema Kijiko.

"Mnauza bei gani?"

Hapo Kijiko akatazama pazia, akatazama gari, akatazama yale machozi. Akataja bei ya nyumba ya mawe.

Na Anaeli hakuuliza gari lina nini! Angeuliza vipi? Kitu ghali hakiulizwi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana akaona mbele yake kitu kinachojiuza. Kwamba kinajitembeza pia, nani alimwambia?

Kijiko alisema neno, nisimdhulumu. Alisema kwa adabu ya kwetu pwani, maana marehemu hatajwi kwa ubaya: "Ila, Bwana Anaeli, Ijumaa alasiri gari hili huwa linapumzika."

Anaeli akacheka. "Basi na mimi nitapumzika nalo."

Akataka kusikia injini. Fundi Semboja akagusa mfuko wa shati, hakutoa kitu. Akamvuta Kijiko pembeni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amecheka."

Semboja akamrudia mnunuzi. "Bwana, nikuwashie usikie, halafu kuna kidude nikitoe, ukifika kwenu utakirudisha."

"Fundi, mnaniuzia gari au mnaniuzia sanamu?"

Semboja akasimama. Tangu mzee azikwe hajaisikia injini ile inavyoimba, na aliipanga yeye kwa mikono yake, nati kwa nati. Akakitia kidude. Gari likawaka mara moja. Semboja akafumba macho kama mtu anayesikiliza kasida. Kidude hakukitoa tena.

Pesa zikapelekwa ndani, zikapitishwa chini ya pazia. Bi Mwanatumu akazipokea. Furushi lile, jamani, hata kipofu angejua kuwa cherehani hainunuliwi kwa furushi kama lile. Akalishika. Akalipima mkononi.

"Athmani, ameambiwa?"

"Ameambiwa."

Mnunuzi alikuwa pale pale ukumbini, anaongea, anacheka. Pazia ni kitambaa, si ukuta. Sheria haimkatazi mwenye eda kusema neno la kuokoa. Bi Mwanatumu akanyamaza.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Anaeli akaenda kulala nyumba ya wageni.

Ijumaa baada ya Alasiri tuko barazani wanawake, tunachambua mchele. Likapita gari jekundu. Lilipita polepole, kama lilivyokuwa likipita siku zote. Anaeli yumo. Amekaa kiti cha kushoto. Mikono juu ya magoti, kofia juu ya mikono, ametulia kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume. Kiti cha kulia kimebonyea, na hapana mtu. Usukani unazunguka.

Alipotufikia akageuza uso, akasema kwa upole wake ule ule, "Shikamooni, mama zangu. Samahani, mwambieni asimame."

Mchele wote ulimwagika.

Nyumba ya wageni walimngoja usiku ule, kitanda hakikulaliwa. Gari halikurudi bandani tena. Lakini kila Ijumaa lilipita, safi, linameta, na Anaeli kiti cha kushoto, kila safari amepauka zaidi, kama kanga inayofuliwa sana. Shati lake halikuchafuka. Ndevu hazikuota. Na kila safari, "Samahani, mama zangu, mwambieni asimame." Tukaacha kukaa barazani Ijumaa.

Ndipo akashuka mama yake kutoka Moshi. Mama Anaeli, mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, hajui kuzungukazunguka kwetu. Hakukaribishwa, hakungoja kukaribishwa. Ijumaa ile akasimama katikati ya barabara, mikono kaitanua.

Na gari, jamani, likasimama.

"Anaeli, shuka!"

"Siwezi, Mama. Mzee anasema hakupenda kuendesha na mgeni. Anasema alimngoja mwingine. Atanishusha akipanda aliyestahili kukaa hapa."

Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Mama Anaeli akauvamia, "Basi nipande mimi!" Mlango ukajifunga mbele ya pua yake, taratibu, kwa adabu. Aliporudi nyuma, ukafunguka tena.

Akageuka kututazama. Mtaa mzima umetoka. "Nani kamtia mwanangu humu? Semeni! Semeni kwa Kiswahili kilichonyooka, msinizungushe!"

Kijiko akasukumwa mbele. Jasho linamtiririka. "Mama, mimi niliongeza bei, nakiri. Lakini sikula hata senti nje ya haki yangu ya udalali, zote nilimpa mjane asiye na mtoto. Dalali anayeuza nyumba ya mawe kwa bei ya cherehani ni mwizi. Na nilimwambia gari linapumzika Ijumaa. Kijana alicheka. Mimi nilisema maneno. Lakini maneno hayawashi gari! Gari liliwashwa na fundi."

Fundi Semboja akaja na kofia kifuani. "Ni kweli, niliwasha. Lakini niliuliza, nikajibiwa ameambiwa. Nilitaka kukitoa kile kidude, mnunuzi akakataa, na akiisha kulipa gari ni lake. Fundi hamnyimi mtu mali yake. Nilifanya kosa la kuipenda injini. Aliyejua kuwa kijana hajui ni mmoja tu. Yule aliyelishika furushi."

Pazia la nyumba ya Bi Mwanatumu likasogea. Akatoka. Eda haijaisha, akatoka mpaka kizingitini, na hapo tukaona jinsi alivyokonda.

"Nililishika," akasema. "Nikajua. Nikasema moyoni, nikiita kijana atarudisha gari, na Ijumaa nitalisikia tena linalia. Nilinyamaza ili nilale. Basi. Lakini niambieni na mimi: maisha yangu yote kiti kile nilinyimwa. Nilifua kanga za gari nikavaa mararu. Sasa amekufa ndipo aningoje? Nipande kwa kosa la siku moja, au nipande kwa haki yangu ya miaka yote? Na kama ni haki yangu, mbona nasikia baridi?"

Anaeli akasema kutoka ndani ya gari, sauti yake kama inatoka kisimani, "Na mimi, Mama, nilicheka. Nilipima kila kitu kwa sumaku. Mtu aliniambia neno, nami sikuuliza maana yake."

"Wewe nyamaza!" akasema mama yake, na analia.

Gari linaunguruma. Mlango wa kushoto uko wazi. Kiti kinanukia mafuta ya nazi na udi. Kijana ameshaweka mguu mmoja nje, mguu hauna kivuli. Na sote tulijua kwamba gari lile halijapata hata mara moja kungoja adhana ya Magharibi; likiondoka, linaondoka na aliyemo.

Fundi anamtazama dalali. Dalali anamtazama mjane. Mjane anakitazama kiti.

Pale msikitini muadhini ameshawasha kipaza sauti, tumemsikia anakohoa.

Haya, mliokunywa kahawa yangu mkala na tende zangu mkasikiliza, semeni upesi, kwa Kiswahili kilichonyooka kama alivyotaka yule mama, na atakayejibu asisimame karibu na barabara: aliyepandisha bei, aliyewasha injini, aliyeshika furushi akanyamaza, au aliyecheka akae alipo?

Je, nani alistahili kiti kile?