Jina la Binti wa Shemboza

Sikilizeni, kisha mniamulie, maana mimi jambo hili limenishinda.

Katika ghala moja la nikeli, bandarini, walifanya kazi wanawake watatu. Mwanakheri alikuwa mjuzi wa madaraja: aliyatambua mabamba ya nikeli safi, yanayokubaliwa na soko la ng'ambo, na vipande vya daraja la chini, vinavyokataliwa. Kalekwa aliendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu abebaye mayai. Tunu alilinda lakiri, mihuri ya waya inayofunga mizigo. Mzigo wenye lakiri ya soko haukuguswa bila ruhusa ya mwenyewe, naye mwenyewe yuko nchi za mbali, hajapata hata kuuona.

Mwaka ule bei ilianguka. Wenye mali wakaiacha nikeli ilale wakingoja bei ipande, na mizigo mingine ikazidi kuingia, marundo juu ya marundo, hadi karibu na paa. Asubuhi moja rundo lenye lakiri likamporomokea Shemboza, mpangaji mizigo, likambana kuanzia kiunoni. Siku hiyo mkewe, Hidaya, alikuwa hospitali akijifungua. Shemboza aliomba jambo moja tu: afikishwe kwa mkewe.

Meneja alisema wangoje simu ya ruhusa. Tunu akakata lakiri kwa mkono wake.

"Uondoeni mzigo," alisema. "Nitajibu mimi."

Kabla ya adhuhuri hakuwa na kazi.

Lakini mabamba yalikuwa yamechanganyika na mifuko ya vipande. Ukivuta mfuko kwanza, vipande vinamwagika na kumfukia mtu. Mwanakheri akatambaa chini ya rundo lililoinama, akawa anaelekeza: hilo bamba, toa, huo mfuko, acha. Muda wote huo Shemboza alikuwa ameushika mkono wa Mwanakheri.

Kalekwa aliinua fungu baada ya fungu bila kutikisa kitu. La mwisho lilipotoka, bamba moja lilichomoka likampiga, likamvunja vidole. Hajashika usukani tena.

Shemboza alifika. Binti yake akalazwa kifuani pake. Alimtazama sana, kisha akamwambia mkewe, "Mwite jina la yule aliyenifikisha hapa."

Hidaya akamwuliza ni nani. Shemboza alikuwa ameshakata roho.

Baada ya arobaini Hidaya aliwaita wote watatu. Tunu alisema yeye alikata waya tu, Kalekwa ndiye aliyeinua. Kalekwa alisema bila Mwanakheri angemwua mtu kwa mikono yake mwenyewe. Mwanakheri alisema kama si Tunu, mpaka jioni wangekuwa wamesimama wakingoja simu. Wakalia pamoja, wasiamue.

Watu walimshauri Hidaya ampe mtoto majina yote matatu. Akakataa. Mumewe aliomba moja.

Mtoto sasa ameanza kukaa, na bado anaitwa Mwana tu. Nanyi mliosikia, lipi lingekuwa jina lake: Tunu, Mwanakheri au Kalekwa?