Bamba la Mzee Luvanda

Ajuaye mzigo halilii chuma. Mmeisikia asubuhi hii kwa mwalimu wenu, mlipomlalamikia kwamba bei ya vyuma imepanda tena na mashine mliyoichora haiundiki. Mkaona anawakejeli, mkaja kuniuliza mimi, kwa kuwa mvi zangu huwadanganya watu kwamba najua kila kitu. Hili nalijua kweli. Nilikuwapo, na sikujipatia sifa yoyote. Basi methali hiyo chanzo chake ni hiki.

Makambako palikuwa na karakana ya Mzee Zakayo Luvanda, iliyounda mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa mchomeleaji pale pamoja na wenzangu kumi na mmoja. Mikokoteni yetu ilisifika kwa uzito. Mnunuzi aliushika mkokoteni kwa nyuma, kwa mikono miwili, akajaribu kuuinua. Akishindwa, alitabasamu na kununua. Sisi nasi tulikuwa na desturi yetu. Mkokoteni ukirudi umevunjika tuliupiga kiraka cha chuma, na tangu siku hiyo kiraka kile kiliwekwa kwenye kila mkokoteni mpya. Tuliongeza miaka na miaka. Hakuna aliyewahi kupunguza, wala aliyeuliza kama kiraka kilikuwa mahali pake.

Kiraka kikubwa kuliko vyote kilikuwa bamba nene lililopita chini ya sakafu, kutoka mbele hadi nyuma. Hilo mzee alianza kuliweka baada ya mdogo wake Feladi kufa, mkokoteni ulipokatika akiwa juu yake kwenye mteremko wa mtoni. Sote tulijua habari hiyo, na hatukuizungumza.

Mwaka mmoja serikali ikapandisha ushuru wa chuma kinachotoka nje. Bei ikapaa, na mikokoteni yetu ikawashinda wakulima. Mzee akafanya kosa ambalo hata mimi ningelifanya: akaagiza kila chuma kiwe chembamba, sawasawa kote. Injinia Yusta Mligo, binti aliyeajiriwa mwaka huohuo kutuchorea mikokoteni, alimsihi asifanye hivyo. Hakusikilizwa. Mkokoteni wa kwanza ulikatika kabla haujafika sokoni, na ni bahati tu kwamba vilivyoanguka vilikuwa viazi.

Mzee alituita akatuambia kwamba chuma kinene hana fedha ya kukinunua, chembamba hakitaki, na hayuko tayari kuzika mtu mwingine. Mwisho wa mwezi karakana ingefungwa. Nilikuwa na watoto wanne, na sijui nilifikaje nyumbani siku hiyo.

Yusta akaomba siku tatu, mkokoteni mmoja wa zamani, na ndoo ya chokaa. Akaupaka chokaa mkokoteni mzima, juu na chini. Nilimuuliza kama Krismasi imewahi mwaka huu, maana kwetu nyumba hupakwa chokaa wakati wa sikukuu. Wenzangu wakacheka, nami nikajiona bingwa. Yeye alinijibu kwa upole kwamba chuma kikibeba hujipinda kidogo, hata jicho lisione, lakini chokaa haijui kujipinda. Hupasuka.

Ilipokauka tukapakia magunia ya viazi mpaka magurudumu yakalalamika. Ng'ombe wakaukokota kwenye makorongo na mteremkoni, Yusta akitembea kando yake. Tuliporudi tulishusha mzigo, tukaulaza mkokoteni ubavu. Pale ekseli ya magurudumu inaposhikana na fremu chokaa ilikuwa imebanduka, na kwenye shina la mti wa kukokotea, ule unaofungwa ng'ombe, ilikuwa na nyufa tele. Kwingine kote ilikuwa nyeupe kama alivyoipaka.

Mzee alipiga magoti akapapasa bamba lake.

"Hili halijapasuka."

"Halijapasuka, Mzee."

"Kwa sababu ni imara."

Nilimwona Yusta akitafuta namna ya kulisema, na namna haikuwapo.

"Kwa sababu halibebi kitu, Mzee. Lenyewe linabebwa. Ni abiria, tena mzito kuliko wote."

"Unajua nililiweka kwa ajili ya nini?"

"Nimeambiwa. Ule mkokoteni ulikatikia wapi?"

Mzee akanyoosha kidole taratibu mpaka penye ekseli, pale chokaa ilipobanduka.

"Basi hapo ndipo unapoumia mpaka leo," Yusta alisema. "Na bamba linapazidishia mzigo."

Mzee alilia mbele yetu. Hakujificha. Alisema amekuwa akiuza mikokoteni miaka kumi na minne akidhani anamlinda mtu. Niliona aibu kwa kicheko changu cha chokaa, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Kisha akajifuta uso, akanigeukia mimi.

"Likate."

Nikalikata. Vipande viwili vidogo vya bamba lile Yusta alituonyesha tuvichomelee penye ekseli na kwenye shina la mti wa kukokotea, na kilichobaki kikatosha mikokoteni mingine mitano. Sakafu aliitaka ya bati jembamba lililokunjwa kingo, maana bati likikunjwa hukaza. Viraka visivyobeba kitu tukaving'oa vyote. Mkokoteni mpya ulitumia karibu nusu ya chuma cha zamani.

Lakini wanunuzi walipokuja waliuinua kwa urahisi, wakatazamana, wakaondoka. Ndipo Mzee Luvanda alipofunga ng'ombe mwenyewe siku ya mnada, akapakia magunia kupita kiasi tulichozoea, akapanda juu yake, akashuka mteremko uleule uliomchukua Feladi. Sisi tulisimama juu. Yusta alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua ni wa nani. Mkokoteni ulifika chini mzima, ukavuka mto.

Watu walimzunguka huko ng'ambo, nasi tukateremka mbio. Fundi mmoja wa mji wa jirani, ambaye karakana yake ilikuwa imekwisha fungwa, alimuuliza amepata wapi chuma kisicho na ushuru.

"Chuma ni hichohicho chenu," Mzee alisema, akiwa bado juu ya magunia. "Na mimi nimekililia kuliko ninyi nyote, tangu siku niliyomzika mdogo wangu. Sikuujua mzigo, ndugu yangu. Ajuaye mzigo halilii chuma."