Springi za Muchiri

Nzomo wa mtaa wa Jamhuri alikuwa mnene wa mwili na wa moyo. Mchana alikuwa karani katika afisi ya bima katikati ya jiji, na jioni alikuwa mpenzi wa mke wake. Sisemi haya kwa kumcheka. Wanaume wengi hupenda wake zao mwaka wa kwanza, kisha huhamia kwenye kandanda. Nzomo alikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa na bado alimfungulia Kanini mlango wa gari.

Gari lenyewe lilikuwa Starlet kuukuu, jepesi kama debe tupu, na dereva wake hasa alikuwa Kanini. Alikuwa mwalimu wa hisabati, mfupi, mwembamba, mpole kupindukia. Hata hivyo, mara moja kila mwezi, Jumapili baada ya kanisa, chama chao cha magari kiliandaa mashindano ya mbio kwa kupanga mapipa na tairi kuukuu katika barabara za ndani za uwanja wa maonyesho, na hapo upole wake aliuacha langoni. Barabara hizo zilikuwa na kona nyingi na lami yenye viraka. Kanini alizipita akiwa ameuma ulimi, na katika kundi la magari madogo hakuna aliyemfikia. Alizoea kusema kwamba hapo tu ndipo hakuna mtu anayemwita mwalimu wala mama. Nzomo naye alisimama kando na saa ya kupimia mkononi, akimshangilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kuadhimisha ndoa yao ilipokaribia, Nzomo aliamua kumnunulia mkewe koilova. Hizo ni springi na shokabzoba zilizounganishwa kuwa kitu kimoja, na fundi anaweza kuzipandisha, kuzishusha, kuzikaza au kuzilegeza. Zipo za kila namna, na kuchagua ndiyo kazi. Nzomo hakutaka kazi. Alimwendea Muchiri wa Loresho, bingwa wa magari makubwa, mwenye gari zito lenye injini ya kutisha. Akalala chali chini ya gari hilo, tai ya afisini ingali shingoni, akanakili namba zilizochapwa kwenye springi. Muchiri, ambaye hakuwa mchoyo wa maneno, alimkumbusha kwamba gari lake ni zito. Nzomo aliitikia, lakini akilini alikuwa amekwisha kumwona Kanini na kikombe cha ushindi mkononi. Akaagiza springi zile zile, ngumu vile vile.

Kanini alipofungua zawadi alilia kwa furaha. Nzomo alizifunga mwenyewe kwenye gari, akazisugua kwa mswaki kila Jumamosi, na akawa na jambo la kuwasimulia wenzake afisini.

Mashindano ya kwanza yalikuwa balaa. Gari lilidunda kwenye kila kiraka, tairi zikaacha lami, na kwenye kona ya tatu likazunguka na kuangusha mapipa mawili. Mwezi uliofuata mambo yakawa yale yale, na Kanini akamaliza wa mwisho. Mabega yalimuuma juma zima. Angesemaje? Angemwambiaje mwanamume anayesugua springi kwa mswaki kwamba zawadi yake ni mateso? Akafa kikondoo, akajilaumu mwenyewe. Nzomo naye, kwa kuona mkewe anazidi kubaki nyuma, alidhani hakuzikaza vya kutosha. Kwa mapenzi yake yote akazikaza zaidi.

Jioni moja ya Novemba, binti yao Kavutha alipokwisha kwenda kulala, Kanini alisogeza sahani yake kando.

"Baba Kavutha, Disemba sitashindana," alisema. "Mpee Emmah, yule msichana wa chama, nafasi yangu, bado ni mdogo. Mimi macho yangu imeanza kuchoka. Gari iko sawa, shida ni mimi."

Nzomo alihisi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Hakujali kikombe tena. Alichokiona ni kwamba mkewe alikuwa akikiaga kitu alichokipenda, na alikuwa akikiaga kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuwasumbua wenyeji. Akamwomba jambo moja tu: Jumamosi waende wafanye mazoezi mara ya mwisho, na safari hii yeye aketi kando yake. Kanini alishangaa, kwa maana Nzomo alikuwa mwoga wa kona tangu ujana wake, lakini akakubali.

Jumamosi Nzomo alijibana kwenye kiti, akafunga mkanda, akafumba macho. Walipofika kona ya tatu gari lilitikisika kidogo, likashika barabara na kupita. Kanini akasimamisha gari. Akamshusha mumewe, akaizunguka njia peke yake, na gari likaruka kama zamani. Akampakia tena, likatulia. Mwalimu wa hisabati hahitaji mifano mingi.

"Ukiwa ndani inashika barabara," alimwambia. "Ukitoka inaruka."

Nzomo alitabasamu, akidhani anasifiwa.

"Mama Kavutha, mimi nina kilo mia moja na ishirini."

"Ndiyo hiyo," Kanini alijibu kwa upole. "Hizi springi zinangoja mtu mzito na gari nzito. Ulizichagua aje?"

Hapo Nzomo akakiri yote, hata habari ya tai. Kanini naye akakiri habari ya mabega. Kila mmoja akamuuliza mwenzake mbona alinyamaza, kisha wakacheka mpaka wakashikana mikono.

Siku hiyo hiyo walikwenda Uthiru kwa Fundi Peres, mwanamke mwenye karakana kando ya ua wa vyuma chakavu. Peres hakugusa spana. Aliwaamuru kwanza wapandishe gari kwenye mizani ya kupimia vyuma chakavu, Kanini akiwa kitini na helmeti kichwani, tangi likiwa nusu, sawasawa na siku ya mashindano. Nzomo aliegemea boneti ili aone vizuri.

"Baba, toa mkono kwa gari," Peres alimwambia. "Leo tunapima mwalimu."

Kisha akavalisha pete ya mpira kwenye fimbo ya kila shokabzoba, akamtuma Kanini apite juu ya matuta ya barabarani. Aliporudi, pete zilikuwa zimesogea upana wa ukucha tu. Maana yake springi hazikuwa zimebonyea ipasavyo. Peres akaeleza kwamba shokabzoba ni nzuri na zitabaki. Springi zenyewe hazikuwa na kosa, ila zilikuwa za gari la mtu mwingine. Akafunga nyingine laini zilizolingana na uzito aliouandika ukutani kwa chaki, akalegeza alichokuwa amekaza Nzomo.

Disemba Kanini aliingia kona ya tatu kwa kasi, gari likainama, likakaa, likatoka upande wa pili bila kugusa pipa. Watunza saa wa chama walitangaza kwamba hajawahi kukimbia vizuri hivyo maishani mwake. Nzomo alikuwa akilia, hata akasahau kubonyeza saa.

Kanini alikuwa hajavua helmeti Wanjira alipomjia. Wanjira alikuwa mgeni chamani, mwenye gari pana la kubebea familia, na alikuwa tayari na kalamu na karatasi. Aliomba namba za springi hizo ili aagize kama zizo hizo.

"Hazitakufaa, dada yangu," Kanini alimwambia. "Nenda kwanza upimwe, wewe na gari yako."

Kisha akaiazima ile kalamu, akaenda mezani na kuandika jina lake kwenye orodha ya washindani wa Januari. Kweli wahenga hawakukosea: kila ndege huruka kwa ubawa wake.