Kijiti cha Mwisho

"Masikio?"

"Tumeyatega."

"Midomo?"

"Tumeifunga."

Basi apeni hamtamwambia mtu. Mimi mwenyewe aliniapisha Bi Kanga, nikaapa kwa kaburi la nyanya yangu, na leo nawaambia. Ninyi si watu baki.

Wanyama wa bondeni walilima viazi vitamu shamba moja. Siku ya kuvuna, viazi vilipangwa mafungu kwa mstari, na kati ya fungu na fungu kililazwa kijiti. Kisha kila mmoja aliling'ata fungu lake huku na huku, pande zote mbili, mbele ya wote, kulishukuru shamba.

Mgawaji alikuwa Ngiri, yule mwenye meno kama mundu. Fungu, kijiti, ta. Fungu, kijiti, ta. Alipofika mwisho, kwenye fungu la Mama Pimbi na fungu lake yeye, hakuweka kitu. Akayazoa yote mawili, zoaa.

Mama Pimbi, kiumbe kidogo kama ngumi, akauliza lake liko wapi.

"Kijiti cha mwisho cha nini, mama? Pasipo kijiti ni fungu moja, na fungu moja lina mwenyewe mmoja."

Wenzake wakatazama miguu yao. Mafungu yao yalikuwa na vijiti, basi wakaona aibu, na kwa aibu hiyo hiyo wakanyamaza. Mama Pimbi akarudi na kapu tupu, kalifunika majani ili wanawe wasijue mapema.

Mavuno yaliyofuata, vile vile. Fungu, kijiti, ta. Fungu, kijiti, ta. Mwisho, kimya.

Lakini safari hii Mama Pimbi alikuja na kapu zito. Ngiri alipomaliza kupanga, Mama Pimbi akalimwaga ubavuni mwa fungu la Ngiri, bwaa. Samadi ya Nyati, mbichi, inafuka moshi.

"Nayo ni mali ya shamba, mzee. Kijiti sikuweka. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Ngiri akakumbuka kwamba fungu hung'atwa huku na huku. Na upande mmoja sasa ulikuwa samadi.

Bi Kanga akaanzisha wimbo wa shukrani, ule unaoimbwa macho yamefumbwa. Wakaimba, wakaimba. Katikati ya ubeti Mama Pimbi akanyamaza, akamkanyaga Kanga mguu. Kanga naye kimya. Wote wakafumbua macho.

Ngiri alikuwa amepiga magoti kati ya viazi na samadi, kijiti kimo menoni tayari kulazwa. Akijitetea, kitaanguka. Asipojitetea, wanakiona. Mkewe akajifunika uso kwa jani la kiazi.

"Weka tu, mzee," akasema Mama Pimbi. "Ila weka viwili, na cha kwangu."

Nimemwacha hapo hapo magotini; anayemtaka akamwinue. Funzo ni hili: kijiti cha mwisho hakina kazi, muulizeni Ngiri. Nasikia hata wasomi wa Kiingereza hugombania alama ya mkato ya mwisho wanapoorodhesha vitu, waiweke au waiache. Waiache tu, wasijichoshe. Na ninyi, mliapa.