Wageni Ndani ya Kompyuta ya Kanga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye umeme, Kanga aliugua homa iliyomwacha na mwili wa baridi, asiweze kuatamia. Mayai yake sita akayaweka ndani ya sanduku la joto, na kompyuta yake ndiyo iliyoliamuru sanduku lipashe moto.

Mtaa mzima ulikuwa na kompyuta hiyo moja. Tembo akaja kuomba nafasi, apate kulinda migomba yake. Kiboko naye akaja, apate kupima kina cha mto. Basi ndani ya kompyuta ya Kanga kukaundwa kompyuta nyingine mbili, zisizo na bati wala nyaya, kama vyumba vya wageni. Kumbukumbu yote ilikuwa vibaba vinane. Kanga, kwa adabu ya kukirimu, akampa Tembo vinne na Kiboko vinne.

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa inajikokota. Feni ililia vuuu, vuuu, kutwa nzima. Amri ya joto ya asubuhi ilifika adhuhuri. Kanga aligusa yai la kwanza, baridi. La pili, baridi.

Akamwita Sange, fundi mdogo mwenye pua ndefu. Sange alitazama, akahesabu vibaba.

"Ni virusi?" Kanga aliuliza.

"Hapana, dada. Ni njaa. Wageni wamemaliza sinia, mwenyeji analamba vidole. Na mwenyeji ndiye anayewapikia."

"Nitawaambiaje wageni wapunguze?"

"Hutaweza, nakujua. Niachie mimi."

Sange akaenda kwa Tembo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kidole."

"Mbona kompyuta yako inatambaa, na ya Kiboko inakimbia?"

Tembo akasimamisha masikio. "Inakimbia?"

"Amejipunguzia hadi vibaba viwili. Mwenye mzigo mwepesi hafiki wa mwisho, mzee."

"Basi nami niwekee viwili. Kiboko asijue."

"Mimi ni kaburi."

Kaburi likakimbia hadi mtoni, likamwambia Kiboko kwamba Tembo amejipunguzia hadi viwili, na kompyuta yake inakimbia. Kiboko akatoa pua majini, pfuuu. "Tembo awe mwepesi? Yule anayekwama mlangoni? Niwekee viwili. Na ufunge mdomo."

Sange akazizima kompyuta zote mbili za wageni, akagawa viwili na viwili, akaziwasha tena. Vinne vikabaki kwa mwenyeji. Feni ikatulia. Tik, amri ikatoka, na sanduku likapata moto papo hapo.

Siku ya tatu Tembo na Kiboko walikutana mlangoni kwa Kanga, kila mmoja amekuja kujigamba.

"Yangu inakimbia kwa vibaba viwili tu," alisema Tembo.

"Viwili? Mbona na mimi ni viwili?"

Wakamgeukia Sange. "Umetuchezea, wewe."

"Nimewachezea, wazee wangu. Ingieni mwone sababu."

Ndani, Kanga alikuwa amepanga mayai matano juu ya kitambaa cheupe. Hakuna lililotikisika. Sandukuni lilibaki moja, likigongwa kutoka ndani, ko, ko, ko.

"Ungetuambia, mama," Tembo alisema polepole.

"Mlikuwa wageni wangu," alijibu Kanga.

Tembo akatoka nje. Kwa ncha ya mguu wake mkubwa akachimba shimo dogo, la kutosha mayai matano, na Kiboko akalifukia.

Wanangu, mgeni mwema humwachia mwenyeji tonge lake.